Daftari linasema vijana hawachangi. Tuliamini?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu huku Kirumba, tunasaidia watoto wa shule wasiojiweza, sare, viatu, madaftari, na mara mojamoja hela ya matibabu. Daftari ninalo tangu 2009. Mwaka ule tulikuwa wanachama 95. Wa chini ya miaka 30 walikuwa 40 na 26 wakamaliza ahadi, wa 30 mpaka 44 walikuwa 35 wakamaliza 25, wa 45 kwenda juu walikuwa 20 wakamaliza 17. Mwaka 2024 tuko 101. Vijana ni 22 na waliomaliza ni 7 tu, wa katikati 38 wamemaliza 23, wakubwa 41 wamemaliza 34. Ahadi ilikuwa elfu 20 kwa mwaka, siku hizi ni elfu 60, mwisho wa kulipa tarehe 30 Juni, kwa simu yangu au mkononi. Wasiomaliza majina yao yanawekwa kwenye grupu la WhatsApp. Vijana wetu wengi wako mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, na kwenye bodaboda, wachache wameajiriwa. Sasa kwenye kikao mwenyekiti kasema vijana wa siku hizi wachoyo, tuachane nao tukomae na wenye mishahara na pensheni. Mama mmoja akasema waacheni, hata sisi tulikuwa hivyohivyo, wakishaoa watatoa. Nimekaa katikati sijui nimsikilize nani. Nisaidie."

JIBU:

Marahaba dada. Kwanza hongera ya daftari, maana kuandika umri wa mtu na alichotoa kwa miaka 15 sio mchezo, vikundi vingi ninavyovijua hapa Mwanza daftari lao liliishia siku mweka hazina alipohamia Geita.

Nikikuelewa vizuri unauliza vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kwanza, hawa vijana ni kizazi kilichoharibika au ni vijana tu kama vijana wa zamani. Pili, ufanye nini na hela ya sare za Januari. La kwanza ndio refu, nitakaa nalo, maana ukilikosea hilo na la pili utalikosea.

Mwenyekiti wako na yule mama wanabishana lakini wote wawili wanafanya kosa moja. Wamechukua mwaka mmoja, 2024, wakawapanga watu kwa umri wakaona wazee juu vijana chini, halafu kila mtu akaja na stori yake. Mwenyekiti anasema ni rika, yani waliozaliwa miaka hii wako tofauti na watabaki tofauti mpaka uzeeni. Mama anasema ni umri, yani kila mtu akiwa kijana hana akikua anapata. Na kuna kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja, nacho ni wakati, yani mambo yaliyowapata watu wote kwa pamoja, mfumuko wa bei, tozo, korona, msiba mkubwa. Orodha ya mwaka mmoja inavichanganya vyote vitatu kwenye sufuria moja na huwezi kuvitenganisha kwa kuangalia tu.

Tena nikwambie ukweli ambao hata sisi wa takwimu unatukera: hata ukiwa na miaka mingi huwezi kuvitenganisha kwa asilimia mia. Umri wa mtu ni mwaka huu ukitoa mwaka aliozaliwa, basi, kwa hiyo ukishajua viwili cha tatu kimejulikana chenyewe. Wataalamu wana mbinu zao za kukisia lakini kila mbinu inaanza na dhana fulani. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa uhakika "ni kizazi hiki" muulize amejuaje.

Ila daftari lako lina miaka miwili ya kulinganisha na hiyo ni faida kubwa. Acha kulisoma kwa kushuka chini, lisome kwa mshazari. Waliokuwa chini ya 30 mwaka 2009, kama bado wapo, leo wako kwenye kundi lako la katikati. Enzi zile walimaliza 26 kati ya 40, hiyo ni kama asilimia 65. Leo kundi la katikati ni 23 kati ya 38, kama asilimia 61. Hawajapanda. Kwa hiyo mama yule anayesema wakishaoa watatoa, kwa kundi hili hesabu haimuungi mkono sana, wameshaoa, watoto wanao, na wako palepale. Sasa wale waliokuwa wa katikati 2009 walikuwa asilimia 71, leo wako kwa wakubwa na wakubwa wanamaliza asilimia 83. Hao wamepanda. Umri unafanya kazi, lakini haufanyi kazi kwa kila mtu sawasawa.

Halafu linganisha umri uleule miaka tofauti. Chini ya 30 walikuwa 65, sasa 32. Hapo pengo ni kubwa, hata kama watu ni wachache sidhani ni bahati tu. Wa katikati walikuwa 71 sasa 61. Wakubwa 85 na 83, hapo hakuna kitu, mtu mmoja akisafiri namba inabadilika. Kwa hiyo mwenyekiti naye ana kipande cha ukweli: vijana wa sasa wanamaliza ahadi kidogo kuliko vijana wa wakati ule. Kilichobaki ni kwa nini, na neno "wachoyo" hilo mimi silikubali hata kidogo, ngoja nikuonyeshe.

Angalia idadi ya watu kabla ya hela. Vijana walikuwa 40, sasa 22. Wakubwa walikuwa 20, sasa 41. Yeyote mwenye chini ya miaka 30 leo, mwaka 2009 alikuwa mtoto wa chini ya 15, kwa hiyo hao 22 wameingia baadaye kwa uhakika. Wengine wote 79 inawezekana kabisa ni walewale wa 2009 wamesogea tu mistari. Yani miaka 15 nzima, wanachama wapya ambao daftari lako linanithibitishia ni 22 peke yake! Na huu mji sio mji wa wazee, sensa ya 2022 ilihesabu mkoa wa Mwanza watu kama milioni 3.7 na sehemu kubwa ni watoto na vijana, pita tu Buzuruga saa moja jioni. Kikundi chenu kimezeeka ndani ya mji mchanga. Shida yenu inaanzia mlangoni kabla haijafika mfukoni.

Na hamko peke yenu. Uingereza waliangalia rekodi za matumizi ya nyumbani za miaka kama 30. Mwaka 1980 wenye miaka 60 na zaidi walikuwa wanatoa kitu kama theluthi moja na kidogo ya michango yote ya hisani, kufika 2010 wanatoa zaidi ya nusu. Sehemu ni kwa sababu wazee wenyewe wameongezeka, ila pia vijana hawakuwa wanaingia kwa kasi ya zamani. Kwenu wakubwa ni 34 kati ya waliomaliza 64, nusu na kidogo, mnafanana na Waingereza bila kujua.

Marekani wana utafiti mzuri zaidi maana wanafuata familia zilezile kila baada ya miaka miwili, kama wewe ungefuata majina yaleyale. Mwaka 2000 familia 66 katika kila 100 zilitoa kitu, kufika 2018 zikawa chini kidogo ya 50. Hiyo sio tabia ya vijana tu, wimbi limepita kwa watu wengi. Ila kuna kipande kimoja cha utafiti wao nakipenda sana, kilitoka 2007, kuhusu sadaka za kanisani. Waliozaliwa baada ya vita kuu ya pili walikuwa wanatoa kidogo kanisani kuliko waliowatangulia walipokuwa na umri kama huo, watu wakadhani ni ubinafsi. Walipopima mahudhurio wakakuta sehemu kubwa ya tofauti ni kwamba hao watu kanisani hawaendi kama wazazi wao. Mtu asiyeingia mlangoni kapu halimfikii.

Sasa turudi Kirumba. Kijana wako wa mwaloni mwenye miaka 26 kwa mwaka anachangia harusi ngapi? Mimi nina mpwa wangu ana bodaboda, mwaka jana alikuwa na kadi nne za marafiki zake, na kadi unajua hailipwi elfu mbili. Ukiacha hilo kila mwezi anatuma nyumbani Misungwi kwa bibi yake, na bibi akipokea anauliza "umetuma na ya kutolea?" Hapo kuna mtoto wa dada yake anayesoma kwa hela yake. Huyu ukimtafuta kwenye daftari lako utamkuta "hajamaliza". Kutoa anatoa, tena sana, ila anatoa pembeni kwa rika lake na nyuma kwa wazazi, hatoi mbele kwenye kikundi. Mtu wa miaka 50 harusi za rafiki zake zilishaisha, wazazi pengine wameshatangulia, nyumba imeezekwa, ndio anapata nafasi ya kuwakumbuka watoto wa wengine. Ule msemo wa kutoa ni moyo usambe ni utajiri ni wa kweli, lakini mwenye moyo naye ana foleni ya watu wanaomsubiri.

Ndio maana inategemea unahesabu nini. Ile orodha ya dunia ya ukarimu, World Giving Index, walikuwa wanauliza watu maswali matatu tu, mwezi uliopita ulimsaidia usiyemjua, ulitoa hela kwa taasisi ya hisani, ulijitolea muda wako. Orodha ya 2022 wa kwanza Indonesia na wa pili Kenya, majirani zetu hapa ng'ambo ya ziwa, nchi ya vijana watupu, wameziacha nchi tajiri zenye wazee wengi. Ingekuwa wanahesabu ahadi zilizokamilika tarehe 30 Juni sijui kama wangeiona Kenya.

Kuhusu wakati sasa. Toka 2009 bei kwa ujumla zimepanda zaidi ya mara mbili ila hazijafika mara tatu, ninyi ahadi mmeipandisha mara tatu kamili. Kwa hiyo mnaomba zaidi ya mlivyokuwa mnaomba zamani hata ukitoa mfumuko wa bei, na kwa mwenye mshahara unaopanda haionekani, kwa kijana inaonekana. Wale wachache walioajiriwa, kama walisoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, toka 2016 wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, zamani ilikuwa 8. Mwenzao aliyeanza kazi 2009 hakuanza na mzigo huo. Hiyo ni rika na wakati vimeshikana mikono, ndio maana nakwambia havitenganishiki. Halafu Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, wakaipunguza baadaye, ila watu walishajifunza kuogopa kutuma hela ndogondogo.

Na hili la tarehe 30 Juni, samahani dada, hapa lazima nicheke kidogo. Wewe uko Kirumba unajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inakaa, na kuanzia mvuvi mpaka anayebeba magunia mpaka bodaboda anayewapeleka wote mifuko mikavu. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 22 Juni. Yani wiki ya kukimbizia ahadi zenu ndio vijana wa mwaloni wametoka kukaa nchi kavu, hata wamekopa cha kula. Halafu tarehe 1 Julai majina yao yako kwenye WhatsApp. Wenye mishahara wameingiziwa kati ya tarehe 22 na 28, wamelipa, wanaonekana watu wa maana. Mnawapima wote kwa kalenda ya serikali wakati nusu yao wanaishi kwa kalenda ya mwezi.

Kwa hiyo ungefanya nini. Kuachana na vijana nakushauri usikubali, na sio kwa huruma. Kwa sasa wakubwa wanawabeba na mwaka huu mtavuka vizuri tu, hapo mwenyekiti yuko sahihi. Lakini hao 41 ndani ya miaka kumi na tano ijayo wengine watastaafu, wengine watarudi vijijini, wengine tutawazika, na nyuma yao kuna nani? Kusubiri tu wakue kama anavyosema mama nako ni kamari, umeona wa katikati hawajapanda. Mtu hazeeki akaamka asubuhi moja anatoa, anazoea kutoa mahali fulani akiwa na kidogo, halafu kidogo kinakua. Asiyewahi kuingia kwenu akiwa na 25 akifika 45 atatoa kwingine.

Mimi ningeanza na kugawa ahadi. Elfu 60 kwa mwaka ni elfu 5 kwa mwezi, na kwa wa mwaloni waachie wachague wenyewe lini, waambie tu "ukitoka kwenye giza". Ina gharama, sikufichi. Makato ya kutuma mara kumi na mbili yanazidi ya mara moja, na kazi yako ya kuandika inaongezeka, wewe sio roboti. Wengine wanapunguza hilo kwa kumteua kijana mmoja palepale mwaloni anakusanya mkononi na kuandika, anakuletea mara moja, na huyo kijana akiwa ndani ya kamati unakuwa umeua ndege wawili. Hatari yake ni hela kupotea njiani, kwa hiyo awe na kitabu cha stakabadhi chenye nakala na kila aliyetoa aone kiasi kimesomwa kwenye grupu. Simu yako binafsi kupokea hela za kikundi nayo ningeiacha, fungueni lipa namba au akaunti ya kikundi, sio kwamba nakushuku, ila siku ukiugua simu inazimika na hela za watoto.

Kuna wanaosema vijana watoe nguvu badala ya hela, wabebe mizigo, wafundishe hesabu Jumamosi. Ni wazo la kwetu kabisa, huku Usukumani zamani vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na walikuwa wanalima shamba la mtu pamoja. Nalipenda ila nina tahadhari mbili. Nguvu hainunui viatu. Na msiifanye adhabu ya asiye na hela, maana mtawagawa wanachama daraja la kwanza na la pili na mtawapoteza hao wachache mlionao. Iandikwe kwenye daftari kwa saa, kila mtu awe na mstari wa saa, mpaka mwenyekiti.

Majina ya wasiomaliza kwenye WhatsApp yatoeni leo. Najua yanafanya kazi kwa watu wazima wanaoona aibu mbele ya majirani waliokaa nao miaka 20, kijana yeye anajitoa tu kwenye grupu, bonyezo moja, na ukimpoteza hapo harudi. Tena siku hizi tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, kubandika madeni ya watu na namba zao hadharani sio jambo la kuchezea. Mfuate mtu mwenyewe, na amfuate mwenzake wa rika lake. Vijana wengi wakiulizwa kwa nini hawakutoa wanajibu kitu rahisi mno, hakuna aliyeniomba. Waliwekewa tangazo, hawakuombwa.

Usitegemee miujiza. Mna vijana 22, wakiongezeka watatu tu kumaliza mmetoka asilimia 32 mpaka 45 na mtashangilia kikaoni, mwakani watatu wakihamia Kahama mtalia. Namba ndogo zinayumba. Pima kwa miaka mitatu minne na pima walioingia wapya kabla ya hela. Na miaka ya maafa iwekee alama, mfano 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 20 pale Ukara tukapoteza watu 228, mtaani kwetu walichanga mpaka watoto wa sekondari. Mwaka kama huo ukiuweka kwenye wastani bila alama utakudanganya.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siyawezi. Kama kikundi hakijasajiliwa au katiba yenu haisemi chochote kuhusu ahadi za kila mwezi, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, ndio kazi yake. Mkitaka kuchangisha nje ya wanachama, sokoni au barabarani, ulizeni kwanza habari ya kibali. Kukiwa na maneno kwamba hela imeliwa msijadili kwenye grupu, tafuteni mtu wa hesabu wa nje akae na vitabu mbele ya watu wawili watatu. Na ukisikia mwanachama, kijana au mama, amechukua mkopo wa kausha damu ili amalize ahadi yenu, msimamishe uso kwa uso siku hiyohiyo, mfutieni ahadi ya mwaka, na mtafutieni mtu wa kumsaidia kuzungumza na aliyemkopesha. Riba ya wiki moja ya wale jamaa inazidi viatu vya mtoto.

Ila kabla ya kikao kijacho nakuomba kazi moja, inachukua jioni mbili. Chukua majina yale 40 ya vijana wa 2009, pembeni ya kila jina andika yupo, kahama, kafariki, au kajitoa, na kama kajitoa, mwaka gani. Wanaojitoa mara nyingi ndio waliokuwa hawamalizi, kwa hiyo hata ile asilimia 61 yako ya katikati inaweza kuwa imepambwa na walioondoka. Walio hai na namba zao bado zinapatikana wapigie watano, usiwadai, waulize tu iliwatoa nini. Kisha niandikie tena walichosema, namba za simu uzifunike.